Kamati ya Kuzuia Uvujaji wa Mvua

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye masikio na wasiopenda kuyatumia, kwamba kuanzia leo mvua ya mkoa huu ni mali ya mkoa huu. Wingu lolote lililotengenezwa ndani ya mipaka yetu haliruhusiwi kunyesha nje ya mipaka hiyo bila kibali. Mawingu yatakayokaidi yatachukuliwa hatua kali.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mkoa, kwenye nguzo za umeme na kwenye ukuta wa choo cha stendi, ambako ndiko lilikosomwa kwa utulivu zaidi. Lilikuwa na mihuri miwili, mmoja wa duara na mmoja wa mstatili, maana jambo zito halibebwi na muhuri mmoja. Aliyeliandika alikuwa Kaimu.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, na bila shaka mama yake alilikumbuka. Lakini alikuwa amekaimu nafasi ya Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa kwa muda mrefu mno, hata mkewe alimwita Kaimu, hasa akiwa amekasirika. Ofisini kwake palikuwa na kiti cha mkurugenzi: cha ngozi, chenye magurudumu na mgongo mrefu, bado kimevikwa nailoni ya dukani. Kaimu hakukikalia. Waraka wa utumishi ulisema wazi: nafasi yoyote ikiwa wazi lazima ikaimiwe; anayekaimu atatekeleza majukumu yote ya nafasi hiyo bila starehe zake; na atafanya hivyo mpaka mwenye nafasi atakapothibitishwa. Kiti kilihesabiwa kuwa starehe. Kwa hiyo Kaimu alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na mgeni akiingia alikuta wakubwa wawili, Kaimu na kiti. Wengi walianza kusalimia kiti.

Tusimcheke. Kila asubuhi, kabla Mama Muhuri hajafika, alikifuta kiti kile vumbi kwa leso yake mwenyewe, akakizungusha kidogo, akakirudisha kilipokuwa. Alikitaka kwa roho yake yote. Mama Muhuri, katibu muhtasi aliyelinda mihuri ya idara kwenye mkoba wake na kuilalia nyumbani, alijua habari hiyo na hakumwambia mtu.

Sasa, mambo yalianzia kwenye semina.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli, feni sita zikizunguka na mbili zikifikiria. Mtaalamu wa misitu na hali ya hewa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya ualimu, alialikwa kueleza msitu wa bondeni unahusiana vipi na hali ya hewa ya ukanda mzima. Mada yake ilikuwa na sehemu mbili, moja kabla ya chai na nyingine baada ya chai. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mkoa mwenyewe.

Ieleweke kwamba mgeni rasmi ana taratibu zake. Huchelewa kufika, hufungua semina, husikiliza mpaka chai, hupigwa picha ya pamoja, kisha huondoka kwenda kwenye majukumu mengine ya kitaifa. Katika historia ya semina za mkoa ule hakuna mtu aliyewahi kumwona mgeni rasmi baada ya chai. Wapo walioamini kwamba kiongozi akikaa mpaka sehemu ya pili anaweza kudhurika kiafya.

"Mheshimiwa," Mtaalamu alianza, "mti hunywa maji ardhini kwa mizizi, kisha huyatoa hewani kupitia majani. Tuseme mti unatoka jasho. Jasho hilo linapoza hewa, ndiyo maana ukiingia msituni mchana unaona ubaridi. Msitu wetu ni mkubwa, unatoka jasho kutwa nzima. Upepo unalichukua jasho hilo na kulisukuma kuelekea milimani, mkoa wa jirani. Likifika kule linagonga milima, linapanda, linapoa, linakuwa mvua."

Mkuu aliacha kuchezea simu.

"Rudia hapo mwisho."

"Linakuwa mvua, mheshimiwa."

"Inanyesha wapi?"

"Milimani. Sehemu kubwa inanyesha milimani."

"Kwa *yule*?"

Yule alikuwa Mkuu wa Mkoa wa jirani. Walisoma darasa moja, wakagombea ukiranja, mmoja akaupata na mwingine akaukosa. Tangu hapo aliyeukosa hakuwahi kumtaja mwenzake kwa jina, na aliyeupata hakuwahi kuacha kuutaja ukiranja.

"Na katika dunia hii inayozidi kupata joto," Mtaalamu aliendelea, "umuhimu wa msitu unaongezeka maradufu, kwa sababu..."

"Ngoja kwanza. Yaani miti yangu itoke jasho, halafu yule ndiye aoge?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kisha ukaona Mkuu hacheki, ukaumeza ule mcheko ukiwa bado wa moto.

"Sehemu ya pili ya mada, mheshimiwa, itaeleza maji hayo yakishanyesha milimani yanakwenda..."

Kengele ya chai ikalia. Watu waliinuka wote kwa pamoja, picha ikapigwa, milango ya magari ikafungwa. Kaimu naye hakuisikia sehemu ya pili, kwani alikuwa nje akipanga safu ya picha kwa vyeo, kazi isiyotaka haraka, kisha akamsindikiza Mkuu mpaka kwenye gari. Ukumbini walibaki Mtaalamu, mpiga picha akikunja nyaya, na mjumbe mmoja aliyesinzia tangu sala ya ufunguzi. Mtaalamu aliwasomea hao sehemu ya pili yote, neno kwa neno, kwa sababu ratiba ilisema hivyo.

Kesho yake ikaundwa Kamati ya Mkoa ya Kuzuia Uvujaji wa Mvua, Kaimu akiwa mwenyekiti wake. Mkuu alimwita pembeni.

"Wewe nakuamini. Wizi huu umeendelea tangu enzi za mababu na hakuna aliyeshtuka. Ukiuziba huu uvujaji, kile kiti utakikalia."

Kaimu alisogea karibu zaidi. "Nailoni itolewe, mheshimiwa?"

"Na nailoni itolewe."

Kamati ilianza kwa ustaarabu. Iliandika barua kwenda milimani. *Hatudai fedha,* ilisema barua, *kwani sisi si watu wa fedha. Tunadai shukrani. Kila msimu wa mvua, kiongozi wenu asimame hadharani, kichwa wazi, mbele ya wananchi wenu na wetu, atushukuru kwa sauti ya kusikika.* Majibu yalikuja upesi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa tusi. *Tumepokea barua yenu. Tafadhali thibitisheni kwamba mvua hiyo ni yenu. Mawingu yanayofika huku hayana vitambulisho. Tumejaribu kuyahoji, yamenyamaza.*

Mkuu alipoisoma, mishipa ya shingo ilimsimama. Kamati ikakaa tena. Mjumbe mmoja alipendekeza ukuta mrefu mpakani. Mwingine alishauri miti ivikwe mifuko ya nailoni ili jasho likusanywe kwa ndoo, na Kaimu, aliyeiheshimu nailoni kuliko watu wengi, aliupenda ushauri ule, ila bajeti ikaukataa. Mwishoni fundi mkuu wa majengo, aliyekuwa anataka kurudi kazini kwake, akasema tu, "Jamani, bomba likivuja mnafunga koki. Koki si ndiyo huo msitu?"

Wajumbe walianza kukusanya karatasi zao, kama watu wanaojua kwamba kikao kimekwisha.

Siku iliyofuata Mtaalamu alifika ofisini kwa Kaimu, amebeba faili kifuani.

"Kaimu, nasikia mnakata msitu. Sehemu ya pili hamkuisikia."

"Iwasilishe kwa maandishi, dada."

"Nimeshaiwasilisha."

Mama Muhuri alithibitisha bila kuinua kichwa. "Imepokelewa, imegongwa muhuri, ipo kwenye trei ya mambo yanayomsubiri mkurugenzi."

"Na mkurugenzi ni nani?" aliuliza Mtaalamu.

Wote watatu wakageuka kukitazama kiti.

"Niisome basi kwa mdomo. Ni fupi."

Kaimu aliangalia saa. Hakuwa mtu mbaya. Ila kuna habari ambazo mtu akishazisikia hawezi tena kukata msitu kwa raha, na yeye alihisi hii ni mojawapo. "Baada ya chai," alisema, akatoka, akanywa chai mpaka jioni.

Msitu ukakatwa. Ulikatwa kwa weledi mkubwa. Misumeno iliunguruma, matrekta yakavuta magogo, na taarifa ya kila wiki ikaeleza kwa fahari jinsi koki ilivyozidi kufungwa. Ndege walihama wenyewe bila kudai gharama za uhamisho. Sehemu iliyokuwa na kivuli kiasi cha mtu kuwasha taa mchana ilibaki visiki na vumbi jekundu.

Hapo ndipo simu za mama mkwe zilipoanza.

Mama wa mkewe aliishi milimani, kwenye mteremko wa pili baada ya mpaka, akilima maharage. Siku Kaimu alipokwenda kuposa, amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi, wajomba walimcheka waziwazi. Mama huyu ndiye aliyesema, "Mwacheni, miguu itakua." Kila mavuno alimletea gunia, hata miaka ile ambayo yeye mwenyewe alibaki na kidogo. Kaimu alimwogopa na kumpenda kwa kiwango kilekile.

"Mkwe, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa wewe si ndiye mkubwa wa mvua? Huku mawingu yanapita yamekonda, hayatui. Maharage yamechanua, yakatazama juu, yakakata tamaa. Kuna nini?"

"Suala hilo linashughulikiwa, mama."

"Na nani?"

"Na... vyombo husika."

"Basi waambie hao vyombo wafanye haraka. Nimekula mbegu ya akiba mwanangu, nimebakiza ya kupanda mara moja tu."

Kaimu alikata simu, akakaa ameishika. Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo kitandani, alimuuliza mama anasemaje. Anasalimia, alijibu Kaimu. Usiku ule hakula, akasingizia tumbo.

Lakini kazini sifa zilimiminika. Taarifa ilithibitisha kwamba mvua ya milimani ilikuwa imepungua vibaya, yaani vizuri. Mkuu alifanya sherehe, akakata utepe uliofungwa kati ya visiki viwili, akaondoka kabla ya chai. Na kweli ahadi ni ahadi: barua ya kuthibitishwa ilikuja, Mama Muhuri akaleta mkasi, nailoni ikatolewa. Kaimu alikaa. Alifumba macho, akajizungusha mzunguko mmoja mzima, taratibu.

Kisha shati likamganda mgongoni.

Ofisi ilikuwa na joto. Zamani upepo wa mchana uliingia dirishani umeshapita msituni, umepoa. Sasa ulikuja moja kwa moja kutoka kwenye visiki, mkavu, na vumbi lake, ukapiga uso utadhani umefungua tanuri la mkate. Idara ilitoa taarifa kwamba hilo lilikuwa joto la mpito na wananchi wasilihisi kupita kiasi. Wananchi walilihisi. Watoto walitoka vipele, wazee walilala sakafuni, na Mama Muhuri aligundua kwamba wino wa muhuri unakauka kabla haujafika kwenye karatasi.

Asubuhi moja simu ya mezani ililia. Alikuwa Mkuu, na sauti yake ilikuwa na mwangwi.

"Mkurugenzi! Niko bafuni. Nina sabuni kichwani mpaka machoni. Bomba limekohoa, limetema kutu, limenyamaza! Nini hiki?"

"Pole, mheshimiwa. Mji mzima ndivyo ulivyo. Mto umekauka."

"Mto gani?"

"Mto wetu, mheshimiwa. Unaoleta maji mjini."

"Kwani mto wetu unatoka wapi?"

Kaimu alikizungusha kiti kuelekea ukutani. Alikuwa amelitazama lile jibu kwenye ramani ukutani kila siku ya maisha yake ya kazi.

"Milimani, mheshimiwa."

"Milimani kwa *yule*?" Palisikika kitu kikianguka, pengine kopo. "Na huko milimani maji yanafikaje?"

"Kwa mvua."

"Mvua ipi?"

"Ile... iliyokuwa inavuja."

Kwa mbali Mkuu alisikika akipiga chafya kwa sababu ya sabuni. Kaimu alinyoosha mkono mpaka kwenye trei ya mambo yanayomsubiri mkurugenzi, kwa kuwa sasa mkurugenzi alikuwa yeye, akavuta karatasi za Mtaalamu. Sehemu ya pili kweli ilikuwa fupi. Msitu hutuma maji milimani kwa njia ya mawingu, milima huyarudisha kwa njia ya mto, na msitu huyanywa na kuyatuma tena. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Ilikuwa safari moja, ya kwenda na kurudi.

"Haya ni makosa yako," Mkuu alisema hatimaye. "Uteuzi umetenguliwa."

Kabla ya saa sita nailoni ilikuwa imerudishwa kitini, imefungwa kwa gundi, na Kaimu alikuwa Kaimu tena.

Akatumwa milimani kuomba maji. Huko, kwenye chanzo cha mto, lilikuwepo bwawa, na lango lake lilikuwa limefungwa ili wenyeji wapate maji kwanza. Kaimu alikuta foleni ya ndoo imezunguka kilima, na ndani ya foleni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, alikuwa mama mkwe. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Alimwangalia Kaimu, akaiangalia namba ya serikali kwenye gari, akakumbuka habari za msitu uliokatwa, akaelewa.

"Kumbe vyombo husika ni wewe."

"Mama..."

"Nilikuwa nakupigia simu wewe kukushtakia wewe. Lo! Na ulinisikiliza."

Kaimu alichuchumaa pale vumbini, suti na yote, machozi yakimtoka mbele ya watu. "Nisamehe mama. Nilitaka kiti."

Mama mkwe hakumkumbatia wala hakumpiga. Alisogeza ndoo mbele hatua moja kwa vile foleni ilikuwa imesogea.

"Kulia baadaye. Huko kwenu mna kanuni za kila kitu. Mnazo za kutubana sisi, nazijua. Haipo hata moja inayombana mkubwa?"

Kaimu alifuta pua kwa ile leso ya kufutia kiti. Akafikiri. Na kwa kuwa aliujua Waraka kuliko alivyowajua ndugu zake, ikamjia.

Mkuu wa jirani alimpokea kwa upole wa mtu aliyesubiri siku hiyo tangu darasani. "Mnataka maji? Sawa. Tafadhali thibitisheni kwamba ni yenu." Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoa barua ya zamani ya Kamati na kuyasoma masharti ya Kaimu mwenyewe: hadharani, kichwa wazi, kwa sauti ya kusikika. Akaongeza kwamba shukrani hizo zitolewe palepale msitu ulipokuwa, saa sita mchana. "Na ninyi mtaandika makubaliano," alisema. "Nasikia mna mwandishi mzuri."

"Nitayaandika," alisema Kaimu. "Yatakuwa na sehemu mbili."

Siku ya siku, wananchi wa bondeni walijaa kwenye visiki, kila mmoja na ndoo tupu. Watu wa milimani walishuka kwa malori wakiwa na miche na majembe. Mtaalamu ndiye aliyewaelekeza walete miche ipi. Kivuli hakikuwepo hata cha kuficha sisimizi. Waandishi wa habari walijifunika magazeti yao. Mlinzi wa lango la bwawa alikuwa juu milimani na simu sikioni, akisubiri kuambiwa afungue.

Mkuu alifika amechelewa. Alivua kofia. Akashukuru. Alishukuru kwa sauti ya mtu anayetapika kistaarabu, na kila alipoishusha, mwenzake wa milimani alisema, "Hatusikii huku nyuma, kiranja hasikii," naye akarudia. Sehemu ya kwanza ya makubaliano ikasomwa: maji yatafunguliwa kidogokidogo, msitu utapandwa upya, pande zote mbili zitautunza. Mkuu akatia saini bila kugeuza ukurasa, kama alivyotia saini kila kitu maishani mwake. Mama Muhuri akagonga mihuri yote miwili, upesi, wino ukiwa bado mbichi. Mkuu akapewa mche, akaugusa udongo kwa vidole viwili, akatazama kamera, akafuta vidole, akaanza kwenda kwenye gari.

"Sasa," Kaimu alisema kwenye kipaza sauti, "tunaingia sehemu ya pili."

Mkuu alisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Sehemu hiyo hakuwahi kuifikia.

"Kwa kuwa msitu umeondoka madarakani ghafla bila kukabidhi ofisi," Kaimu alisoma, "na kwa kuwa nafasi yake sasa iko wazi, na kwa kuwa Waraka unaelekeza kwamba nafasi yoyote iliyo wazi lazima ikaimiwe, na kwa kuwa nafasi hii ni nyeti, haiwezi kupewa mtumishi wa chini, hivyo basi, kwa saini yake mwenyewe iliyowekwa hapa leo, Mkuu wa Mkoa atakuwa Kaimu Msitu."

Watu waliokalia visiki waliinuka. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga ndoo yake kofi. Mwingine akaipiga. Punde bonde zima lilikuwa linalia ndoo.

"Upuuzi!" alifoka Mkuu. "Majukumu ya msitu mimi nitayawezaje?"

"Yameorodheshwa, mheshimiwa. Kunywesha miche kila asubuhi kwa mkono wako. Kuizuia isiliwe na mbuzi. Kutoa kivuli kwa mche wowote unaonyauka, kwa mwavuli au kwa mwili. Na kutoka jasho mchana kutwa."

Mkuu alitazama gari lake. Kati yake na gari walikuwa wamesimama wanawake wenye majembe, na mbele yao mama mkwe. Alitazama waandishi wa habari. Alitazama ndoo, nyingi, zote tupu, zote zimemwelekea. Mwenzake aliinua simu. "Lango linasubiri," alisema kwa upole. "Nimwambie mlinzi afungue, au nimwambie Kaimu Msitu amekataa kuripoti kazini?"

Jua lilimpiga Mkuu utosini. Tone la kwanza la jasho likaanzia kwenye paji, likashuka puani, likaning'inia pale.

"Fungua," alisema kwa sauti ya chini.

Mama mkwe alimsogelea, akamwekea jembe mkononi, akamgeuza kwa bega kama anavyogeuzwa mtoto anayetaka kwenda kinyume. "Hapa, baba. Shimo lako la mwanzo halikuwa shimo, lilikuwa salamu."

Mkuu akachimba. Mtaalamu alikuja na karatasi zake, akasimama kando ya shimo, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Kama nilivyokuwa nasema kabla ya chai," alianza, na Mkuu hakuwa na pa kwenda.

Alisikiliza yote. Alisikiliza habari za jasho la miti, za upepo, za milima na mto, na za dunia inayopata joto ambayo haisubiri mtu amalize muhula wake. Mtaalamu alipofika mwisho, Mkuu alikuwa amepanda safu nzima, suti imekuwa rangi ya udongo, na maji ya kwanza yalikuwa hayajashuka bado. Aliegemea jembe, akamtafuta Kaimu kwa macho mekundu.

"Na huku kukaimu," aliuliza, "ni kwa muda gani?"

"Mpaka mwenye nafasi athibitishwe, mheshimiwa. Yaani miti ikishakua."

"Nakuuliza muda gani!"

Kaimu alikuwa amemletea kiti cha plastiki, kile chake mwenyewe cha ofisini. Alikiweka kando ya mche, akakifuta vumbi kwa leso, akakisogeza kidogo ili kikae sawa.

"Mfupi tu, mheshimiwa," alisema. "Hata mimi niliambiwa hivyo."